Mke wangu anauza mashine yake kwa ajili ya mafunzo niliyoyakimbia

Mama Agnès, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unikemee, maana kukemewa nastahili, ila zimebaki siku nne tu na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini, nakaa Malvern na mke wangu Hyasinta na binti yetu Paskalia mwenye miaka kumi na sita. Huku wananiita Tumu. Nilizaliwa Morogoro, mama Mluguru, baba mtu wa hapa Afrika Kusini aliyeishi kule uhamishoni wakati wa ubaguzi, na tulirudi naye mwaka tisini na tatu nikiwa na miaka kumi na minne. Nilipofika ishirini nikaingia mgodi wa makaa ya mawe upande wa Witbank na nikakaa humo miaka kumi na minane. Sikuwa mchimbaji. Kazi yangu ilikuwa kutoboa mwamba ulio juu ya vichwa vya wenzangu na kuupigilia vyuma virefu ili usishuke, na hakuna mchimbaji aliyeruhusiwa kuingia mahali kabla sisi hatujapita, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeangukiwa na dari nililolipigilia mimi, na hili silisemi kwa majivuno, au labda nalisema kwa majivuno, sijui, maana ni jambo pekee nililo nalo.

Mwisho wa 2017 mgodi ukafungwa. Walituita uwanjani wakatuambia makaa yaliyobaki hayalipi gharama na wanunuzi wamepungua, na kwamba dunia sasa inageukia umeme wa jua, na mtu mmoja aliyevaa kofia mpya kabisa akatuambia tusiogope. Tukahamia Johannesburg kwa sababu Hyasinta ni fundi cherehani na alisema mji mkubwa hauishiwi watoto wanaohitaji sare za shule, na kweli alipata kibanda barabara ya Jules akaanza kushona, mimi nikalinda duka la matairi, na hivyo ndivyo tulivyoishi mwaka mzima, yeye akinitia moyo.

Mwezi wa tatu mwaka huu akaja kwangu Bakiri, mwenzangu wa mgodini, naye mama yake ni Mtanzania kama wangu, sasa anakaa Mayfair, akaniambia kuna mafunzo ya miezi sita ya kufunga umeme wa jua na wanatanguliza watu waliopoteza kazi za makaa. Tukajiandikisha pamoja. Mama Agnès, miezi miwili ya kwanza nilikuwa wa kwanza darasani, wallahi, mimi ambaye sijashika daftari tangu utotoni, nilipenda kuhesabu mzigo wa betri, nilipenda kupima waya, na mwalimu wetu Steve, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, alichukua ubao niliofunga swichi zake akauonyesha darasa zima akasema, “Hivi ndivyo kazi inavyotakiwa kuonekana.” Nilirudi nyumbani nikamwambia Hyasinta na yeye akawaambia watu wa jumuiya kanisani, na Jumapili hiyo padre alinishika mkono akaniuliza lini nitawawekea sola kwenye ukumbi.

Kisha ikafika siku ya paa.

Lilikuwa paa la mabati la ukumbi wa ghorofa mbili. Nilivaa mkanda wa usalama, nikapanda ngazi nikiangalia ukuta, nikafika juu salama. Bakiri alikuwa nyuma yangu kwenye jukwaa la chini, tunapokezana paneli. Nikasimama wima, nikageuka nikaipokea paneli, na hapo ndipo nilipouona mji wote mpaka kule kwenye vilima vya mchanga wa migodi ya dhahabu, na juu yangu hapakuwa na kitu. Sijui nikuelezeje. Chini ya ardhi ni giza lakini kuna dari, ukinyoosha mkono unaligusa, unajua dunia inaishia wapi. Pale juu haikuishia popote. Masikio yakaziba, na vidole vikafunguka vyenyewe, paneli ikateleza, ikapita karibu na bega la Bakiri, ikapasukia kwenye sementi. Karibu kiasi gani? Upepo wake ulimpeperushia ukosi wa shati, mwenyewe aliniambia. Mimi ambaye nilikuwa nazuia mawe yasiwaangukie watu!

Waliniteremsha wawili, mmoja amenishika miguu kama mtoto. Nilipofika chini nikasema naenda chooni. Sikurudi mpaka leo, na hiyo ilikuwa mwezi wa tano.

Nyumbani sikusema. Siku ya kwanza nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake Hyasinta alikuwa ameshanipigia pasi ovaroli la bluu, nikalivaa, nikatoka, nikaenda kukaa bustani ya Rhodes Park mpaka saa kumi. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku tangu hapo. Nina aibu kukuandikia hili lakini nimeahidi kusema yote: kabla ya kurudi nyumbani najipaka udongo magotini na kwenye mikono ya ovaroli ili liwe na kitu cha kufuliwa. Bakiri hunipigia kila Ijumaa akitoka msikitini, sipokei. Aliniandikia, “Mzee, mimi sina hata mkwaruzo. Mwalimu anakuulizia.” Sikujibu.

Wiki tatu zilizopita Paskalia alipita bustanini na marafiki zake wakitoka shule. Tulitazamana. Yeye, kama watoto wengi waliokulia huku, Kiswahili anakisikia lakini hakisemi, nyumbani tunamsemesha Kiswahili anatujibu Kiingereza au Kizulu, na mama yake amekwisha kugombana naye mpaka akachoka. Siku hiyo alikuja mpaka kwenye benchi langu, akaona ovaroli, akaona daftari limefungwa, akaelewa, na ili wenzake wasielewe akaniambia kwa Kiswahili, polepole, neno moja moja, “Baba, mimi sitasema kwa Mama. Lakini usikae kwa baridi.” Akaenda zake.

Nilidhani hapo nimefika chini kabisa. Kumbe bado. Wiki iliyopita nilichelewa, na kabla sijafungua mlango nikamsikia Hyasinta akiuliza baba yako yuko wapi mpaka saa hizi, na Paskalia akajibu kwa Kiingereza chake bila kusita, “Leo wana mtihani, Ma, aliniambia asubuhi.” Mtoto wangu ameanza kudanganya kwa ajili yangu, tena anaweza.

Sasa kilichonifanya niandike. Mafunzo yanaisha mwezi ujao, na kila anayehitimu anatakiwa awe na vifaa vyake mwenyewe: drili, kipima umeme, koleo na vingine. Hyasinta ameamua kuuza mashine yake ya ovaloki, ile ya kufunga pindo, ili aninunulie. Mnunuzi ni Célestine, fundi mwenzake wa Bertrams, na anakuja kuichukua Jumamosi. Nilimwambia Hyasinta asiuze, akacheka, akasema, “Nitafunga pindo kwa mkono mpaka upate kazi. Mimi nilikufuata Witbank ukiwa mtu wa makaa, nitashindwa kukungoja ukiwa mtu wa jua?” Tena kaka yake Filbert alimtaka arudi kwao Moshi wafungue duka pamoja, alikataa kwa sababu yangu.

Na kuna jambo la mwisho. Mwenzetu mmoja wa zamani amenipigia kutoka Witbank, anasema vijana wanaingia kwa siri kwenye mashimo yaliyofungwa wanachimba makaa na kuyauza kwa magunia, na wanamhitaji mtu anayejua dari. Nimefikiri niondoke Ijumaa kabla mashine haijauzwa, niache barua, na nikipata kitu nitume nyumbani. Huko angalau sitaogopa. Mama Agnès, niende, au niseme ukweli na kumvunja moyo mwanamke huyu? Eish, nimechoka.

Baba Paskalia, Malvern

*

MAMA AGNÈS ANAJIBU

Papa Paskalia, barua yako niliikuta Jumatano chini ya mlango wa ofisi ya gazeti letu hapa Bertrams. Leo unapoisoma ni Ijumaa. Kwa hiyo tusipoteze muda.

Witbank huendi. Nakujibu hilo kwanza kwa sababu ndilo linaloua. Umeniandikia mwenyewe kwamba hakuna mchimbaji aliyeingia mahali kabla hamjapita ninyi na vyuma vyenu. Haya niambie, kwenye mashimo hayo yaliyofungwa nani amepita? Nani amepigilia? Wanakuita wewe kwa sababu wanajua kwamba hakuna. Unataka kukimbia paa lenye mkanda wa usalama ukaingie chini ya dari lisilo na hata msumari, kisha useme huko huogopi! Huko unapaswa kuogopa kuliko mtu yeyote, maana wewe ndiye unayejua. Mpigie huyo mwenzako leo umwambie hapana, na umwambie kwa nini, labda utaokoa na vijana wengine.

Sasa hofu yako. Kwa hofu sikukemei hata kidogo. Mwili uliofundishwa miaka kumi na minane kwamba usalama ni kitu kigumu juu ya kichwa hauwezi kubadilishwa kwa miezi miwili ya darasa. Wakubwa husema “makaa yamekwisha, nendeni kwenye jua” kana kwamba mtu ni balbu, unamfungua hapa unamfunga pale, anawaka. Hakuna aliyekuuliza ulipokuwa chini uliacha nini, na hakuna aliyekuuliza ukipandishwa juu utajisikiaje. Hilo ni kosa lao. Lakini na wewe hukumwambia mtu.

Na hapo ndipo ninapokukemea. Papa, ulikuwa na hofu ya dakika tano ukaigeuza uongo wa miezi mitatu. Umemnyima Bakiri jibu, mtu uliyekaribia kumuumiza, ambaye kila Ijumaa anatoka kwenye sala akikutafuta akwambie hana mkwaruzo. Umejipaka udongo ili mkeo aufue! Nilisoma hapo nikaiweka barua mezani, nikaenda kunywa maji. Lakini hayo yote ni madogo mbele ya lile la mtoto. Binti wa miaka kumi na sita amekuwa mlinzi wa siri ya baba yake. Leo anamdanganya mama yake kwa kukuhurumia. Kesho atajifunza kwamba ndivyo watu wanavyopendana, na siku atakapokuwa na shida yake mwenyewe ataificha vizuri, kwa sababu mwalimu alikuwa wewe.

Unauliza kama useme ukweli na kumvunja moyo Hyasinta. Hujaona kwamba umekwisha kumfanyia maamuzi? Alikataa Moshi kwa kuamini jambo ambalo halipo. Anauza mashine kwa kuamini jambo ambalo halipo. Yule si mtu wa kufichwa habari, ni mtu aliyefunga safari mpaka Witbank kukufuata wewe. Mwache achague akiwa anaona.

Mimi umeme siujui, kwa hiyo jana nilimwuliza anayeujua. Hénock ni ndugu kutoka Lubumbashi, amefunga sola hapa mjini miaka sita. Nilimwuliza bila kutaja jina lako: mtu anayeogopa paa, kazi hii ameikosa? Akacheka, akasema, “Mama, mimi nina vijana watatu wa kupanda. Ninachotafuta na sikipati ni mtu mwenye mkono safi wa kufunga ubao, betri na nyaya za ndani.” Akaongeza kwamba mashamba makubwa ya sola kule Northern Cape yako ardhini, mtu anayafunga akiwa amesimama mchangani. Sikuahidi kazi, naye hakuahidi. Cheti hakiliwi, na wapo wenye vyeti wanaozunguka mjini hapa bila kazi. Lakini mwalimu aliyeinua ubao wako mbele ya darasa alikuwa amekwisha kukwambia wewe ni fundi wa wapi. Hukumsikia kwa sababu ulidhani fundi wa sola ni wa paani tu.

Basi leo ufanye hivi. Toka hapo bustanini, nenda moja kwa moja kibandani kwa Hyasinta. Usingoje arudi nyumbani, usitafute siku nzuri. Funga mlango umwambie yote, mpaka udongo wa magotini. Usianze na mgodi kufungwa, usianze na uchungu wako. Anza na “nimekudanganya”. Akilia, usimwambie anyamaze. Akikufukuza, kaa nje ya mlango. Mashine isitoke Jumamosi mpaka yeye mwenyewe aseme itoke. Paskalia akitoka shule mwambie mbele ya mama yake kwamba siri imekwisha, na umwombe radhi; mzazi kumwomba mtoto radhi hakumpunguzii kimo. Bakiri akipiga leo, mpokelee simu. Jumatatu ukamwone mwalimu, na paneli iliyopasuka uitaje wewe kabla hajaitaja yeye.

Ovaroli livae. Ni lako.

*

Wiki sita baada ya kuchapishwa kwa barua hii, mwandishi alituletea mistari ifuatayo, nasi tunaichapa kwa idhini ya mkewe:

Mama Agnès, nilikwenda kibandani siku ileile. Nilisema “nimekudanganya” nikasahau yote niliyopanga kufuata. Hyasinta hakulia. Alizima cherehani, akanisikiliza, nilipofika kwa Paskalia na mtihani wa uongo akainuka akatoka nje, akasimama kwenye robot, zile taa za kuongozea magari za barabara ya Jules, huku zikibadilika, nyekundu, kijani, nyekundu, watu wanavuka na yeye havuki. Aliporudi alisema, “Paa ningelielewa. Mtoto sielewi.” Kisha akampigia Célestine akamwambia mashine haiuzwi.

Jumatatu nilidhani nitakwenda peke yangu. Hyasinta alikuja nami. Mwalimu Steve aliniacha nikaeleza habari ya paneli mpaka mwisho, ndipo akasema kwamba katika kila kundi linalotoka migodini anawapata wawili au watatu wanaoganda paani, na wote huondoka bila kuaga, na mimi ni wa kwanza kurudi. Cheti cha kundi langu nimekikosa, ni haki. Nimeanza upya na kundi la mwezi huu. Nafunga ubao na betri na watu wa chini, na mara moja kwa wiki napanda ngazi na mkanda wangu, Bakiri, ambaye amekwisha kuhitimu, akija kunishikilia ngazi. Wiki hii nimefika kipandio cha saba. Hénock amesema nikimaliza nimtafute, hakusema zaidi.

Yule mwenzangu wa Witbank nilimwambia hapana na nikamwambia sababu. Alinitukana. Wawili kati ya vijana wake walinipigia baadaye kuuliza habari za mafunzo.

Nyumbani si kama zamani. Hyasinta ananisemesha ya lazima, chumvi, ufunguo, mkutano wa shule. Asubuhi ya siku ya kwanza ya kundi jipya nililala kitandani nikiangalia ukuta, nikamwambia sijui kama nina haki ya kwenda tena. Alikuwa amesimama mlangoni na ovaroli mkononi.

“Mimi sijamaliza kukasirika,” akasema. “Amka, utachelewa.”